Kidonge Juu ya Ulimi

...na maji haya si ya moto wala si ya baridi, nimeyachanganya mwenyewe jikoni kama anavyoyapenda, au kama alivyokuwa akiyapenda zamani alipokuwa bado anapenda kitu, kikombe kimejaa mpaka ukingoni na mkono umeanza kuniuma, na mama ameketi pale pale kwenye mkeka, mgongo ukutani, kidonge kimo kinywani, midomo imefumbwa, macho yananielekea lakini hayanitazami, na mimi nimesimama mbele yake kama tarishi wa boma aliyekuja kudai kodi, meza mama, meza tu, kidonge chenyewe ni kidogo kuliko punje ya mahindi, mtoto anayetambaa angekimeza na kuomba kingine ... nje kwenye ngazi shangazi Siwema anapepeta mchele, nausikia ukiruka na kurudi kwenye ungo, na sauti yake ameipaza makusudi ili ipite dirishani, anamwambia jirani yetu Mama Jailos, lakini maneno ni yangu, "Tangu tumekunywa uji yumo humo ndani anamlisha dawa, na akishamlisha anamfungua kinywa kumkagua, mama yake mzazi, kama mtu anayenunua punda, we umeona wapi," na Mama Jailos anasema, "Mwe, sijaona," halafu anasema, "Lakini punda akikaguliwa hivyo ni meno, na Mama Jaha meno anayo mazuri, bei ingekuwa kubwa," na wote wawili wanacheka, wanacheka vizuri tu, na mimi mkono unaniuma ... ndiyo, namfungua kinywa, jana nimesema, "Fungua, mama, niangalie," na juzi nimesema, na ninajua si adabu, hakuna haja ya mtu kunikumbusha kila siku kwamba si adabu, mimi ndiye ninayeyasema maneno yale na kuyaona yanavyoanguka usoni pake, lakini si shangazi aliyefagia chumba hiki na kukunja mkeka na kuona chini yake kidonge kimekaa, kimekwisha ganda lake la rangi ya kutu, kimebaki cheupe chenye vumbi na unywele mmoja umenasa, si yeye, ni mimi, na sikumwambia mtu, nilikitupa chooni nikarudi kufagia, na tangu hapo kila kidonge kikiingia kinywani mwa mama mimi nasimama, sisogei, mpaka nione ulimi mtupu.

Kwa sababu vidonge vya mtu aliyeamua kutopona, na vidonge vya mtu anayeviweka akiba, vyote vinaonekana sawa chini ya mkeka ... sitaki kuliwaza neno hilo, akiba, lakini ndilo alilolisema daktari kule Iringa, hakulisema kwa Kiswahili, alilisema kwa Kiingereza haraka haraka akiwa ananiangalia mimi, na Danieli, yule dresa, msaidizi wake wa hospitali anayemtafsiria, alimtazama mama, kisha akatafsiri nusu tu, "Chupa ikae kwa binti," basi, nusu ile nyingine aliimeza, labda kwa heshima, labda kwa kuona haya kumwambia mwanamke mkubwa jambo kama hilo mbele ya mtoto wake, lakini mimi nilifika darasa la saba na Kiingereza cha Mwalimu Evarista kilinitosha kuelewa, daktari alisema wagonjwa wa namna hii nguvu za mwili huwarudia kabla ya moyo, na hapo katikati ndipo wengine huvikusanya vidonge wakavimeza vyote, na dawa hii ikimezwa yote kwa mara moja haimwachi mtu ... kwa hiyo chupa ipo hapa, kwenye pindo la khanga yangu, nimeifunga kwa fundo, nalala nayo, napika nayo, inanigonga ubavuni nikichota maji, na shangazi ameiona na sasa anaitaka, "Jaha we," anaita, "ukitoka humo uniletee hiyo chupa, au umpe mwenyewe aitunze, mama yako si mtoto mchanga, mtu mzima hutunza dawa yake," na ninasema, "Naam, shangazi," naam gani, naam ya kusikia, si naam ya kutoa, lakini yeye atahesabu kuwa nimekubali, na akija kuichukua nitamwambia nini, nimwambie wifi yako pengine anataka kufa, nimwambie hivyo kwenye ngazi, mbele ya Mama Jailos na ungo wa mchele, mpaka adhuhuri soko zima la Mbeya lingekuwa na habari ... hapana, wakati mwingine nina hasira na shangazi mpaka masikio yanavuma, wala si mtu mbaya, ndiye anayetulisha, alikuja na kitanda chake baba alipofariki na hajaondoka, lakini yeye na wanawake wote wa mtaa huu ndio walioshindwa kuona, walikuwa hapa, wameketi chumba hiki hiki, wakamtazama mama akizama, wakasifu.

Ndiyo, walisifu, ndilo linalonichoma hata leo, baba alikufa kwa homa ya mapafu wakati wa baridi, Halfani fundi cherehani wa barazani kwenye duka la Arvind, watu wakajaa, mama akaingia eda kama ilivyo dini yetu, miezi minne na siku kumi asitoke, asijipambe, asitie wanja, asivae nguo ya rangi, na mama akaikaa eda ile kuliko mwanamke yeyote waliyepata kumwona, hakuchana nywele, hakuongea, chakula alikigusa akakirudisha, usiku nilikuwa nasikia kwamba hapati usingizi, asubuhi macho yako pale pale ukutani, na shangazi alikuwa analeta wageni kumwona, kweli alikuwa anawaleta, wake za jamaa zetu kutoka mitaa ya juu, anawaketisha mlangoni na kunong'ona, "Mmeona wifi yangu, hivi ndivyo walivyokuwa wakikaa watu wa pwani zamani, si wasichana wa leo, eda haijaisha wanauliza habari za posa," na wageni wakatikisa vichwa, wakasema, "Huyu alikuwa na mume," wakasema, "Mola amjalie subira," wakanywa chai, wakaenda ... na mimi niliamini, nilikuwa naona fahari, nilirudi bweni likizo ilipokwisha nikawaambia wenzangu mama yangu anakaa eda kama watu wa zamani ... kisha ikafika siku ya kumtoa, wakamwogesha, wakamfukiza udi, shangazi akamletea khanga mpya yenye harufu ya duka, wakamtoa mpaka uani akasimama juani kidogo akakunja uso, wakapiga vigelegele, na walipogeuka kupakua pilau yeye alikuwa amesharudi ndani, ameketi mahali pake, mgongo ukutani, na unafikiri walishtuka, hawakushtuka, walisema mapenzi hayo, walisema mwacheni, amezidisha kwa hiari yake, na akazidisha mwezi, akazidisha miezi, mpaka nguo zikawa zinamwanguka mabegani, na hapo ndipo shangazi alipotuma nirudishwe kutoka shule kwa sababu mtoto wa kike ni mimi tu na mtu wa kumwogesha mama hakuna, Mwalimu Evarista alinisindikiza mpaka stendi akasema kitanda chako atakilalia mwenzako kwa sasa, nafasi yako nitakushikia mpaka muhula wa mwaka mpya, baada ya hapo sitaweza, akasema hilo polepole ili nilisikie vizuri, nililisikia.

Mjomba Yunusu wa Ipogolo ndiye aliyesema basi imetosha, yeye ni kaka yake mama na hana habari na sifa za mtaa wa Mbeya, alikuja, akamtazama dada yake, akatoka akalia barabarani ili mama asimwone, kisha akatupakia kwenye basi tukaenda Iringa kwa daktari Mzungu aliyekuwa ameletewa dawa mpya kutoka Ulaya, na daktari alimuuliza mama mambo ambayo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza, unaamka saa ngapi, chakula kina ladha gani, asubuhi na jioni wakati gani ni mzito zaidi, unajilaumu kwa lipi, na mama akajibu, sauti kama ya mtu aliye chini kisimani, akasema nilimpa mume wangu uji wa moto akaungua ulimi siku ile aliyokufa, huo ndio mzigo aliokuwa amekaa nao ukutani, uji, na sisi tukidhani ni eda ... Danieli akatafsiri, daktari akaandika, kisha akasema huu ni ugonjwa, una jina, msiba umeufungulia mlango lakini sasa unaishi wenyewe, na Danieli kwa Kiswahili chake cha Kihehe akamgeukia mjomba akasema, "Kufiwa kwake kuliisha zamani, baba, huyu sasa anaumwa," na mjomba akasema, "Mungu wangu, na huko Mbeya walikuwa wanampongeza" ... na dawa, ndiyo, dawa ingefaa, lakini daktari akaanza kutaja na Danieli akawa anahesabu kwa vidole mpaka vidole vikaisha, kinywa kitakauka, choo kitakuwa kigumu, mkojo utachelewa, atatoka jasho bila kazi, mikono itatetemeka, akisimama ghafla dunia itazunguka hivyo ainuke polepole, macho hayataona vizuri vitu vya karibu, asijaribu kutunga uzi kwenye sindano, na hayo yote yatakuja mapema, siku chache tu, lakini nafuu yenyewe itachelewa majuma matatu, pengine zaidi, na mjomba akauliza kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu, "Yaani ubaya unatangulia na uzuri unafuata nyuma?" na daktari alipotafsiriwa akacheka kwa mara ya kwanza, akasema ndiyo, ni hivyo hasa, ndiyo maana wengi huacha katikati ... akasema pia dawa hii huko Ulaya waliijaribu kwanza kwa wendawazimu, haikuwasaidia wendawazimu hata kidogo, ila waliokuwa na huzuni kati yao wakaanza kuamka, jambo zuri kabisa la kujua, na mimi kwa ujinga wangu nikamsimulia shangazi kama habari njema, na kabla ya Ijumaa mtaa mzima ulikuwa unajua Jaha anamlisha mama yake dawa ya vichaa.

"Kumsahaulisha mume, hakuna lingine," shangazi anasema sasa huko nje, mchele unaruka, unarudi, "kaka yangu hajatimiza miaka miwili kaburini, wao wameshapata kidonge cha kumfuta," na Mama Jailos anasema, "Lakini dada, kama kinafuta waume mimi nileteeni, wangu yuko hai," na shangazi anasema, "Wewe usinichekeshe, nina uchungu," lakini anacheka, ninamjua anavyocheka kwa pua ... hakimfuti mtu, nimemwambia mara ngapi, hakuna kidonge kinachojua jina la baba, lakini ukimweleza shangazi jambo analisikiliza lote, anaitikia, kisha anarudi pale pale alipokuwa, kama basi lile la kutoka Iringa, ambalo sitalisahau, tulisimama Chimala, abiria wote wakashuka kununua mchele na vitumbua, mama akasema anataka kwenda haja ndogo, nikampeleka nyuma ya vibanda, akachuchumaa, mkojo haukuja, tukangoja, nikamshikia khanga kama pazia, haukuja, dereva akapiga honi, mama akajaribu kuinuka haraka akapepesuka akanishika shingo, tukarudi, tukaketi, basi likaondoka, na hatujafika kilima cha kwanza akaniambia sikioni, "Sasa umekuja," nilitaka kulia, nilitaka kumpiga mtu, dereva akasimamisha basi tena huku watu wote wakituangalia, na mama akashuka tena, na haukuja ... na hata siku ile nilijua sababu, nilikuwa na kidole cha Danieli kichwani, mkojo utachelewa, nikamweleza dereva, nikamweleza mwanamke aliyeketi mbele aliyesema huyu kalogwa, nimewaeleza watu wote, mimi ndiye mkalimani wa hii dawa tangu Iringa mpaka Mbeya, kinywa kinakauka kwa sababu ya dawa, anatoka jasho kwa sababu ya dawa, mikono ni dawa, hakulogwa, hana pepo, ni dawa, na nikirudi ndani naona yule yule, ukuta ule ule, na majuma matatu yamekwisha yakapita, na sasa tena ameanza na haya mapya, juzi amesukuma sahani akasema, "Mboga ina chumvi," mwaka mzima nimempikia hakusema neno, ningemtilia mchanga asingesema neno, halafu neno la kwanza ni mboga ina chumvi, nikatoka nje nikasimama jikoni kwa hasira, na jana, "Huo utambi wa taa unatoa moshi," na asubuhi hii, "Umefagia pembe hii au umeruka?", na mimi nikajibu, "Nimefagia, mama," na sauti yangu haikuwa nzuri, kwa sababu muhula wa mwaka mpya unakuja na kitanda changu analalia mtu mwingine na hapa nimebaki mtu wa kuambiwa chumvi ... meza basi, mama, nakuomba, mkono huu utakatika, koo lake linapanda na kushuka, linapanda na kushuka, hakuna kinachokwenda, midomo imepasuka pembeni, ana ute mweupe kwenye kona ya mdomo, na paji la uso lina jasho asubuhi hii ya baridi, mimi nimevaa sweta la shule ... koo linapanda tena.

Anajaribu. Mtu asiyetaka kumeza hapandishi koo hivyo. Kinywa kimekauka, kidonge kimemganda juu ya ulimi kama bango, hana mate ya kukisogeza, na maji akiyanywa kabla hakijasogea humpalia, na mimi mkalimani wa dawa, niliyewaeleza dereva na shangazi na mtaa mzima, nimesimama hapa siku zote hizi nikikiita kiburi ... na kile cha chini ya mkeka, ngoja, kile, siku moja kabla sijakiona nilimkuta amepiga magoti anapapasa mkeka kwa viganja vyote viwili, huku na huku, nikamwambia, "Mama, acha kuparuza mkeka, kaa," nikamshika mabega nikamketisha, kama mtoto, naye akaketi, nilidhani ni mambo ya ugonjwa wake, sasa, mikono inatetemeka, macho hayaoni karibu, kidonge kina rangi ya mkeka wenyewe, kikimwanguka angekipataje isipokuwa kwa kupapasa, alikuwa anakitafuta, mimi nikamzuia ... au sivyo, naweza kuwa najifariji, alikuwa anakitafuta ili akimeze au alikuwa anakitafuta ili akifiche vizuri, siwezi kujua, fundo la chupa nalishika kwa mkono mwingine, bado ni gumu, daktari alisema nguvu zikirudi ndipo umwangalie zaidi, na chumvi ni nini, na moshi wa taa, na pembe isiyofagiwa, kama si nguvu zinarudi ... daktari alisema pia mtu wa kwanza kuona nafuu hatakuwa mgonjwa, atakuwa wewe, na usitazamie acheke, nilikuwa nimesahau maneno hayo, nilitazamia acheke, nilitazamia ainuke siku moja aniambie Jaha rudi shule, na yeye akaja kupitia mlango mwingine kabisa, kupitia chumvi, na nikamnunia.

"Amemeza?" shangazi anaita, "Jaha, amemeza au mnalala humo? Leta hiyo chupa," na kabla sijafungua mdomo mama anakunja uso, namwona anaukunja, anakisogeza kidonge shavuni kwa ulimi, taratibu, kwa kazi kubwa, na anasema, maneno yananata yakitoka, "Huyu wifi yangu ... hachoki kusema?", na ananitazama, mimi, usoni, si ukuta, anangoja nimjibu kama mwanamke anavyongoja mwenzake amjibu, na kicheko kinanipanda nakishika, kwa sababu ni kweli, hachoki, mwaka mzima tumeketi chini ya sauti ile ile, mimi nikidhani nimechoka peke yangu ... na sitatoa chupa, hata akija na Mama Jailos na ungo, nitasema hapana, shangazi, na akikasirika akasirike, leo hasa sitaitoa, leo ambapo mama ana nguvu ya kumchoka mtu, na usiku huu nitalala kwa kugeuza kichwa upande wake, na muhula wa mwaka mpya utakuja au utapita, sijui, ninauona uko mbali na bado ninautaka, ninautaka sana ... naketi, miguu yenyewe inaketi, kwenye mkeka, bega langu karibu na lake, mgongo ukutani, ukuta ni baridi, sikuwahi kujua ukuta huu ni baridi hivi, kikombe nakishika kati yetu na maji hayajapungua hata tone. "Mate hayaji," mama anasema. "Najua," nasema. "Amemeza?" shangazi anaita. "Bado, shangazi," nasema kwa sauti ya kufika nje, "tunangoja."